Kwa nini maktaba ya muziki huzorota baada ya programu kusasishwa, na la kufanya kabla ya kufuta chochote

Malalamiko ni yale yale kila toleo jipya linapotolewa. Jana programu ya muziki ilifunguka kwa sekunde chache na nyimbo zikateremka kwenye skrini bila kukwama. Leo, baada ya mwenyewe kukubali sasisho, dirisha linafunguka likiwa jeupe, alama ya kipanya inageuka kuwa duara linalozunguka, na kuandika herufi tatu za jina la mwanamuziki ili kumtafuta kunachukua muda ambao chai ingekuwa imekwisha kuchemka. Anayeudhika hukimbilia tiba aliyozoea: kuiondoa programu, kufuta kila kilichosalia na kuisakinisha upya.

Mara nyingine tiba hiyo huurejesha mwendo wa zamani. Mara nyingine huangamiza kazi ya miaka kumi kwa dakika moja, na mwenyewe hagundui hasara hadi siku anapoutafuta wimbo wa taarab alioutoa kwenye kanda kwa mikono yake na kukuta hauna jina la mwimbaji, la kundi, wala mwaka.

Mfano unaofaa kulieleza jambo hili ni iTunes, programu ya kampuni ya Apple, hasa inavyotumika katika tarakilishi za Windows. Ilizinduliwa Januari 2001 kwa tarakilishi za Mac, kisha ikaingia Windows Oktoba 2003. Mnamo Oktoba 2019 iligawanywa kwenye Mac na kuwa programu tatu, Music, TV na Podcasts. Nayo Apple Music ya Windows ilitolewa rasmi Februari 2024. Hata hivyo, wapo wengi ambao maktaba zao zingali ndani ya iTunes, na ndio hasa wenye mengi ya kupoteza, kwa kuwa maktaba hizo zilianza kujengwa zamani.

Nyimbo ni kitu kimoja, maktaba ni kingine

Chanzo cha hasara nyingi ni dhana kwamba nyimbo zikiwa salama, basi maktaba nayo i salama. Nyimbo ni faili zilizo kwenye diski, kila moja peke yake. Maktaba ni daftari linaloeleza faili hizo: iko wapi, inaitwaje, iliingizwa lini, imechezwa mara ngapi, mwenyewe aliipa nyota ngapi na imo katika orodha zipi. Katika iTunes daftari hilo ni faili moja iitwayo iTunes Library.itl, ambayo kwa kawaida hukaa ndani ya folda ya iTunes iliyo kwenye folda ya Music ya mtumiaji. Kando yake huwa pana folda ya Album Artwork yenye picha za majalada, folda iitwayo Previous iTunes Libraries na, katika maktaba za zamani, faili ya XML iliyoandikwa ili programu nyingine ziweze kulisoma daftari.

Sehemu ya habari hizo huandikwa pia ndani ya faili ya wimbo wenyewe. Kwa nyimbo za MP3 kazi hiyo hufanywa na lebo za ID3. Lebo za kwanza, zilizobuniwa mwaka wa 1996, zilikuwa baiti 128 tu mwishoni mwa faili, na jina la wimbo halikuweza kuzidi herufi 30. Toleo la pili, la mwaka wa 1998, lilihamia mwanzoni mwa faili na likaruhusu majina marefu na hata picha. Kwa hivyo aliyeandika majina ya nyimbo zake za MP3 kupitia iTunes atayakuta majina hayo hata daftari likipotea. Atakachokosa ni idadi ya mara alizozicheza, tarehe alizoziingiza, nyota na orodha alizozipanga.

Kwa nyimbo za WAV mambo ni tofauti kabisa, na hapa ndipo watu huumia. iTunes haiandiki lebo ndani ya faili za WAV. Jina la wimbo, mwimbaji, kundi na mwaka hubaki ndani ya daftari pekee. Na WAV ndiyo aina ambayo watu wengi hupata wanapohamisha kanda na santuri kwenda kwenye tarakilishi, kwa kuwa programu za kurekodi huitoa bila kuulizwa. Mkusanyaji aliyekaa miezi akisikiliza kanda za Juma Bhalo au Zein Musical Party, akiandika kila jina kwa makini, anaweza kufuta faili moja ya .itl akidhani anaondoa takataka, kisha asalie na sauti tupu zisizo na anwani. Nyimbo zote zipo. Ila hakuna ajuaye ni zipi.

Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza, kabla ya uchunguzi wowote, ni kuifunga programu na kunakili folda nzima ya iTunes hadi mahali pengine. Nyimbo zikiwa nyingi mno, inatosha kwanza kunakili faili ya .itl na folda ya Album Artwork. Daftari la maelfu ya nyimbo ni dogo likilinganishwa na nyimbo zenyewe, na mara nyingi huenea kwenye flashi ya kawaida.

Kinachotendeka sasisho linapoingia

Toleo jipya linapofunguliwa kwa mara ya kwanza huenda likalazimika kuligeuza daftari la zamani liwe la muundo mpya. iTunes inapofanya hivyo huiweka nakala ya daftari la awali katika folda ya Previous iTunes Libraries, ikiwa na tarehe kwenye jina lake. Ni hisani ambayo wengi hawaifahamu. Baadaye huanza kazi nyingine, inayotegemea toleo hilo limeleta nini kipya, na mara nyingi kazi hiyo ndiyo inayofanya tarakilishi ijikokote.

Mwezi wa Septemba 2006 lilitoka toleo la 7. Lilikuja na uwezo wa kucheza nyimbo za albamu moja zikifuatana bila pengo la ukimya kati yake. Ili kufanikisha hilo, programu ilibidi ipitie kila wimbo uliokuwa kwenye maktaba na kuupima mwanzo na mwisho wake. Toleo hilo hilo lilileta mtindo wa kupekua majalada kana kwamba mtu anapekua santuri dukani, jambo lililohitaji picha nyingi kusomwa kwa pamoja. Toleo la 8, la Septemba 2008, lilikuja na Genius, iliyokusanya habari za maktaba, ikazituma Apple kupitia intaneti, kisha ikangoja majibu. Toleo la 12.2, lililotolewa mwisho wa Juni 2015 pamoja na huduma ya Apple Music, lilileta maktaba ya mtandaoni: kwa aliyeikubali, kila wimbo ulilinganishwa na zile zilizo katika hazina ya Apple, na usiopatikana huko ukapakiwa kutoka kwenye diski ya mtumiaji.

Hilo la mwisho lina uzito wa pekee kwa wanaohifadhi muziki wa Afrika Mashariki. Mwenye nyimbo za kimataifa zilizonunuliwa dukani atakuta nyingi zimetambuliwa mara moja. Mwenye benga iliyotolewa kwenye santuri za miaka ya sabini, au taarab ya arusi iliyorekodiwa ukumbini, hana kinachoweza kulinganishwa. Programu itaazimia kuzipakia faili zake moja baada ya nyingine. Tarakilishi hulemewa, mtandao hulemewa, na bando la mwezi huisha kabla ya wiki kumalizika.

Hesabu kidogo inaonyesha ukubwa wa kazi hizi. Wimbo wa MP3 wa dakika 4 uliobanwa kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde huwa na takriban megabaiti 4. Nyimbo 20,000 za namna hiyo ni gigabaiti 80 hivi. Diski ya nje iliyounganishwa kwa USB 2.0 husoma karibu megabaiti 30 kwa sekunde katika hali nzuri, kwa hivyo kuzisoma zote mara moja tu, bila kupima chochote, kutachukua takriban dakika 45. Nyimbo hizo zikiwa za WAV, ambazo kila dakika yake ni kama megabaiti 10, muda huo unazidishwa mara kumi. Ndipo inapoeleweka kwa nini programu iliyosasishwa saa mbili usiku ingali inahangaika asubuhi bila kuwa na hitilafu yoyote.

Basi swali la msingi si jinsi ya kuiongezea programu mwendo bali ni kama kuna kazi inayoendelea. Sehemu ya juu ya dirisha la iTunes, pale jina la wimbo huonekana, huonyesha pia kazi hizo, na kuna kishale kidogo cha kubofya ili kuhama kutoka kwa wimbo hadi kwenye kazi. Aidha, vitufe vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa pamoja hufungua Task Manager ya Windows, ambapo safu za kichakataji, diski na mtandao huonyesha ni programu gani inayotumia nini. Ikiwa iTunes inaisoma diski bila kukoma na nambari zinabadilikabadilika, kazi inaendelea na dawa yake ni kuiacha. Ikiwa kila kitu kimetulia na programu bado imeganda, hapo pana jambo.

Kuiacha maana yake ni kuiacha kweli. Tarakilishi isiruhusiwe kulala, na kipakatalishi kiwe kimeunganishwa na umeme huku betri yake ikiwa imejaa. Daftari la iTunes linapohifadhiwa huandikwa upya, na stima ikikatika katikati ya uandishi huo linaweza kuharibika. iTunes ikigundua uharibifu wakati inapofunguliwa, hulipa daftari bovu jina la iTunes Library (Damaged) na kuanzisha jingine lisilo na kitu. Mtumiaji huona maktaba tupu na kudhani sasisho limekula nyimbo zake. Mwenye tarakilishi ya mezani isiyo na kifaa cha kuhifadhi umeme ana sababu nzuri ya kutosasisha maktaba kubwa jioni ya mvua.

Jaribio la maktaba tupu

Siku mbili zikipita na programu ingali nzito, kuna jaribio moja linaloufupisha uchunguzi wote, na linashangaza kwa jinsi lisivyotumiwa. iTunes hufungwa, kisha hufunguliwa huku kitufe cha Shift kikiwa kimeshikiliwa. Badala ya kufunguka kama kawaida, huuliza kama mtumiaji anataka kuchagua maktaba iliyopo au kuunda mpya. Hapo huundwa mpya, kwa jina la kupita tu, katika folda tofauti, na ndani yake huingizwa nyimbo kumi au ishirini. Maktaba ya zamani haiguswi hata kidogo. Kuirudia ni kushikilia Shift tena na kuichagua.

Maktaba hii ndogo ikiwa nyepesi, programu ni nzima na Windows haina neno. Tatizo limo katika daftari la zamani au katika diski linayoielekeza. Maktaba ndogo nayo ikijikokota, basi daftari halina kosa, na kulifuta kungekuwa kumwadhibu asiyehusika. Watu wangapi wamefuta daftari safi kwa sababu ya hitilafu ya programu ya kuzuia virusi!

Iwapo lawama ni ya programu, jaribio linalofuata ni kuifungua huku vitufe vya Ctrl na Shift vikishikiliwa pamoja. Hapo iTunes hufunguka bila viongezi vilivyoundwa na watu wengine. Kiongezi kilichotengenezewa toleo la miaka mitano iliyopita chaweza kuivuruga programu mpya kabisa, na mwenyewe huenda amekwisha kusahau aliwahi kukiweka. Programu ya kuzuia virusi nayo huchangia: kila sasisho huifanya ione faili mpya isiyoijua, nayo huanza kukagua kila kinachoguswa, likiwemo daftari kila linapoandikwa. Nyingi huruhusu folda fulani kuachwa nje ya ukaguzi huo wa papo kwa hapo. Folda ya iTunes yenye daftari inaweza kuachwa. Folda ya vitu vinavyopakuliwa kutoka mtandaoni isiachwe kamwe.

Kuisakinisha programu upya ni halali katika hatua hii, na kwa kawaida hakuligusi daftari. Madhara hutokana na ufutaji wa folda unaofuata baadaye kwa nia ya kufanya usafi.

Diski inapokuwa ndiyo mgonjwa

Sasisho hulaumiwa pia kwa maradhi ya diski yaliyokuwepo kabla yake. Diski ya kuzunguka huhitaji takriban milisekunde 15 kuifikia faili iliyo mahali pengine. Kugusa faili 20,000 mara moja moja ni dakika 5, wakati diski isiyo na sehemu zinazozunguka humaliza kazi hiyo kwa sekunde chache. Diski ya kuzunguka inapoanza kuchoka hurudia kusoma sehemu mbovu mara kadhaa kabla ya kukata tamaa, na milisekunde hugeuka kuwa sekunde. Maadamu mtu anasikiliza nyimbo chache azipendazo, hagundui. Sasisho likiamuru kila wimbo usomwe, sehemu mbovu ambazo hazikuwa zimeguswa kwa miaka hufikiwa zote kwa usiku mmoja.

Dalili zake zinafahamika: sauti ya kugonga ndani ya diski, Task Manager kuonyesha diski ikitumika kwa asilimia 100 huku kiasi kinachosomwa kikiwa kidogo mno, na programu kuganda kila mara inapoufikia wimbo ule ule. Programu isiyolipiwa kama CrystalDiskInfo husoma rekodi ambazo diski hujiwekea kuhusu afya yake. Ikionyesha kwamba sehemu kadhaa hazisomeki, shughuli nyingine zote zisimame na nyimbo zinakiliwe, zikianza zile zisizopatikana kwingine. Onyo hili linawahusu hasa walionunua tarakilishi zilizokwisha kutumika ng'ambo, ambazo diski zake huwa zimefanya kazi maelfu ya saa ofisini kabla ya kufika Nairobi au Mombasa.

Kuna jambo jingine la diski za nje ambalo halina uhusiano na ugonjwa. Windows huipa kila diski herufi. Diski iliyokuwa E jana inaweza kuwa F leo baada ya mfumo kusasishwa au baada ya flashi kuchomekwa kabla yake. Daftari linaendelea kuzitafuta nyimbo kwenye E, moja moja, na kuweka alama ya mshangao kando ya kila inayokosekana. Mtumiaji akizingiza upya kutoka F, huwa na maktaba yenye kila wimbo mara mbili, nusu yake ikiwa mizimu. Suluhu ni kuirudishia diski herufi yake ya awali kupitia Disk Management ya Windows, tena kabla ya iTunes kufunguliwa. Inafaa pia kuikagua waya: diski ya USB 3.0, ambayo tundu lake mara nyingi huwa na ulimi wa buluu, hurudi kwenye mwendo wa USB 2.0 ikichomekwa tundu la zamani.

Daftari lililolemewa

Jaribio likionyesha kwamba daftari ndilo zito, bado kulitupa si hatua ya kwanza. Mengi hupungua kwa kubadilisha jinsi linavyotazamwa. Mtazamo wa albamu hulazimisha mamia ya picha kuchorwa kila dirisha linaposogezwa. Mtazamo wa nyimbo kwa mistari hauhitaji picha hata moja. Folda ya Album Artwork ina folda ndogo iitwayo Cache, ambayo inaweza kufutwa kwa usalama programu ikiwa imefungwa, kwa kuwa hujijenga upya. Jirani yake iitwayo Download isiguswe: huko hukaa picha zilizoletwa kutoka mtandaoni ambazo hazimo ndani ya nyimbo zenyewe.

Orodha zinazojipanga zenyewe kwa masharti, mathalani nyimbo 25 zilizochezwa zaidi, huhesabiwa upya kila kitu kinapobadilika. Moja haina uzito. Arobaini, nyingine zikitegemea nyingine, huifanya programu isimame kidogo kila wimbo unapomalizika. Katika kila orodha ya aina hiyo kuna kisanduku cha Live updating. Kikiondolewa alama, orodha hubaki ilivyo hadi mwenyewe atakapoibadilisha. Genius na Sound Check, ambayo hupima sauti ya kila wimbo ili zilingane, zaweza pia kuzimwa na anayeona hazimfai.

Nyimbo zilizojirudia huongeza mzigo, na iTunes ina njia ya kuzionyesha kupitia menyu ya File, kisha Library, kisha Show Duplicate Items. Hapa mkusanyaji wa benga hana budi kuwa mwangalifu. Santuri ndogo za zamani ziliugawa wimbo mmoja mrefu katika pande mbili, na waliozinakili wengi waliziandika pande zote mbili kwa jina moja na mwimbaji mmoja. Kwa programu hizo ni nakala mbili za wimbo mmoja. Kwa msikilizaji, upande wa pili ndimo gitaa linamochangamka. Kabla ya kufuta, urefu wa wimbo ulinganishwe, na ikiwezekana usikilizwe.

Hali kinyume nayo ipo. D.O. Misiani, aliyefariki mwaka wa 2006, anaweza kuwa ndani ya maktaba moja kwa majina ya D.O. Misiani, Daniel Owino Misiani, Shirati Jazz na D.O. 7 Shirati Jazz, ikitegemea aliyezinakili nyimbo. Haiilegezi programu kwa kiasi cha kutajika, lakini humfanya mwenyewe aamini kwamba sasisho limepoteza nyimbo ambazo ziko hatua tatu kando. Ikumbukwe tu kwamba kurekebisha majina ya nyimbo elfu kwa mpigo mmoja ni kazi kubwa kwa diski: lebo ya MP3 ikirefuka kuliko nafasi iliyoachwa mwanzoni mwa faili, faili nzima huandikwa upya.

Yote hayo yakishindikana, folda ya Previous iTunes Libraries ndiyo kimbilio. Programu ikiwa imefungwa, daftari la sasa huhamishwa, si kufutwa, na lile la kabla ya sasisho hunakiliwa mahali pake na kupewa jina la iTunes Library.itl. Programu itakapofunguka italigeuza upya, safari hii huenda bila ajali. Kilichoongezwa baada ya tarehe iliyo kwenye jina hilo kitakosekana, lakini faili za nyimbo zenyewe zipo na zinaweza kuingizwa tena. Hili pia ndilo jibu kwa anayeamua kurudi kwenye toleo la zamani la programu: toleo la zamani hukataa kulisoma daftari lililogeuzwa na toleo jipya, kwa hivyo bila nakala ya awali hakuna njia ya kurudi.

Njia ya mwisho ni faili ya XML. Tangu toleo la 12.2 haiandikwi yenyewe kwa maktaba mpya, lakini hutolewa kupitia menyu ya File, Library, Export Library. Ikiingizwa kwenye maktaba tupu kwa amri ya Import Playlist hurudisha nyimbo na orodha zake, ilimradi faili za nyimbo ziko palepale zilipokuwa.

Kwa wenye Mac na programu nyingine

Kwenye Mac, kitufe cha Option huchukua nafasi ya Shift katika jaribio la maktaba tupu, na tangu mwaka wa 2019 daftari huitwa Music Library.musiclibrary. MusicBee, inayopendwa na wengi wenye Windows, huliweka lake katika faili ya MusicBeeLibrary.mbl. Majina yanatofautiana ila mpangilio ni ule ule: faili za nyimbo upande mmoja, daftari upande mwingine, na kazi kubwa ya mara moja baada ya toleo jipya.

Aliye na nyimbo za WAV anaweza kujiondolea hatari iliyotajwa mapema wakati maktaba ingali nzima. Ndani ya iTunes, muundo wa Apple Lossless huchaguliwa katika mipangilio ya kuingiza nyimbo, kisha nyimbo za WAV hugeuzwa kupitia menyu ya File, Convert. Sauti haipungui ubora, ukubwa wa faili hushuka hadi takriban nusu, na majina yaliyokuwa ndani ya daftari pekee huandikwa ndani ya faili mpya. Kwa nyimbo 500 kazi hiyo humalizika kabla ya usiku kucha. WAV za awali zihamishwe hadi diski nyingine, wala zisifutwe, mpaka angalau nyimbo kadhaa mpya zitakapofunguliwa katika tarakilishi tofauti na kuonekana zina majina yake.